Fundi wa Nyuma ya Pazia

Mjukuu wangu wa kike anaunda kompyuta za mezani pale Korogwe. Ananunua kasha tupu, ananunua ubao wake, feni, diski na vingine, anavipachika kimoja kimoja mpaka mashine inawaka. Mteja akirudi baada ya miaka miwili akilalamika kwamba mashine imekuwa nzito, hamuuzii nyingine. Anafungua kasha, anachomoa hiki, anaweka kile, mteja anaondoka na mashine ile ile ikiwa mpya. Mwaka jana nilikaa kwenye stuli dukani kwake, akaniambia kazi hii haina maisha marefu. Mashine zinazokuja sasa zimegandishwa kila kitu kwenye ubao mmoja, alisema, na vipuri vinazidi kuwa adimu kwa mtu mdogo.

"Bibi, miaka kumi ijayo hakuna atakayejiundia kompyuta. Utanunua iliyofungwa, ikifa unaitupa."

Nilimwambia ajitafutie kazi ya pili. Alinuna, maana alitaka nimtie moyo. Lakini katika jambo hilo sina moyo wa kumgawia mtu. Yeye anadhani mimi ni bibi kizee wa kuuza vitunguu ambaye hajui waya unaingia wapi. Hakuna aliyemwambia. Mama yake anajua, ila mama yake ni mtoto wa baba yake pia, na ananyamaza. Basi niseme mwenyewe.

Nilizaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe. Baba aliletwa kwa mkataba kutoka magharibi ya mbali, akawekwa kwenye korona, ile mashine kubwa ya kuchakata majani ya mkonge, na korona ikala vidole vyake viwili. Mama alikuwa Mzigua wa Mazingara. Baba alisilimu ili amuoe, kisha akaendelea kunyemelea kanisa la kambini kila Jumapili akidhani mama hajui. Kwa mama tulisema Kizigua, kwa dunia nyingine yote Kiswahili. Nilisoma mpaka darasa la nne. Mwaka wa Uhuru nilikuwa msichana mkubwa. Tulikusanyika uwanja wa klabu ya shamba, chini ya spika iliyofungwa kwenye nguzo, na ile spika ilikwaruza kiasi kwamba tulishangilia bila kujua hasa tunashangilia neno gani.

Baada ya miaka michache niliolewa na karani wa stoo ya shamba hilo hilo, kijana wa Mazingara, ndugu wa mbali wa mama yangu. Alikuwa na mwandiko mzuri na maneno ya upole. Hakunipiga hata siku moja, na watu walinisifia bahati hiyo. Bei ya mkonge ilipoporomoka, shamba lilipunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Tukahamia Korogwe mjini, chumba kimoja, na binti yetu bado anatambaa. Yeye alihangaika na vibarua. Mimi nilipata kazi ya kufagia karakana ya redio karibu na stesheni ya reli.

Mwenye karakana alikuwa mzee wa Kihindi aliyeishi peke yake chumba cha nyuma. Mji mzima ulimwita Fundi. Mimi nilimwita Bwana, kwa sababu hakuniambia nimwite vingine. Alikuwa ametengeneza redio tangu enzi za valvu, zile taa za kioo zilizokaa ndani ya redio kubwa kama kabati, na vidole vyake vilizoea vitu vikubwa. Sasa zilikuwa zimeingia transista, vidude vyenye miguu mitatu, kila kimoja kikilingana na punje ya hindi, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakumwambia mtu. Mimi niligundua kwa sababu ndimi niliyekuwa naokota alivyoangusha.

Siku moja aliniita, ufagio ukiwa mkononi mwangu. Alishika rezista, kile kijiti chenye mistari ya rangi inayoonyesha kinazuia umeme kiasi gani.

"Hiki kina rangi gani?"

"Kahawia, nyeusi, nyekundu. Halafu mwishoni kuna ya dhahabu."

"Una hakika? Ya kwanza si nyekundu?"

"Kahawia, Bwana. Kama tumbaku."

Akaniangalia kana kwamba ndio kwanza naingia mlangoni. Baada ya mwezi, kusoma rangi ilikuwa kazi yangu. Kisha akanipa koleo nishike mguu wa transista wakati yeye analehemu. Transista za wakati ule zilikuwa laini. Joto la chuma likipanda mpaka kichwani mwake inakufa hapo hapo, bila moshi, bila harufu, na hutajua mpaka uwashe redio ikutazame. Ukiubana mguu kwa koleo, joto linaishia kwenye koleo. Mwaka haujaisha, chuma cha kulehemu kilikuwa mkononi mwangu, naye amekaa pembeni akinieleza kwa mdomo. Kila nilipounganisha aliuliza neno moja tu: "Inang'aa?" Maana risasi ya kulehemia iliyokamata vizuri hung'aa, na iliyofubaa hurudiwa.

Ndipo alipotundika pazia katikati ya karakana.

"La nini hili, Bwana?"

"Wateja hawatapenda kuona mwanamke amefungua redio zao. Watazipeleka Tanga."

Nilikaa nyuma ya pazia lile miaka minne. Nilisikia walimu, makarani na wenye maduka wakimwambia, "Kazi safi, Fundi," naye akijibu ahsante. Sikuona ubaya. Nilikuwa nimelewa furaha ya kujua kitu ambacho mama yangu hakukijua, wala mume wangu, wala meneja wa shamba aliyekuwa akipiga honi tumpishe barabarani.

Alikuwa na majarida ya Kiingereza yenye michoro ya redio. Kiingereza sikukijua, lakini mchoro niliusoma kama mtu anavyosoma njia ya kwao. Na aliamini jambo moja kwa dhati. Redio ya dukani, alisema, itabaki kuwa ya kiwanda hata ukilala nayo kitanda kimoja. Ya kujijengea ni yako, na haizeeki: leo ina transista mbili, mwakani unaongeza mbili, spika ikichanika unaweka kubwa zaidi. Nchi imejitawala, watu wanajifunza kusoma. Miaka si mingi kila nyumba itajijengea redio yake, na maduka ya vipuri yatakuwa mengi kama maduka ya khanga. Alisema hayo kwa uhakika kabisa. Nami nilikuwa na umri wa kuamini.

Redio yangu ya kwanza niliijenga ndani ya kasha la mbao lililokuwa la sabuni ya mche. Ilikuwa na transista mbili na kidude cha kusikilizia kwa sikio moja. Vipuri vilikuwa vile ambavyo Bwana alivikataa kwa wateja. Niliipeleka nyumbani, mume wangu akakiweka kile kidude sikioni, akazunguka uani akiwa na kasha kifuani, waya unaburuza nyuma yake, anacheka.

"Mke wangu, umeiba wapi hii?"

"Nimeijenga."

"Nakuuliza kweli."

"Na mimi nakujibu kweli."

Hakuamini mpaka nilipoifungua mbele yake, nikaiua, nikaifufua. Mwaka uliofuata niliongeza transista mbili na spika ndogo, majirani wakaanza kuja na mikeka. Mwaka mwingine nikafika sita, nikazungusha koili mpya, ule waya wa kunasia mawimbi, kwenye gamba la karatasi ngumu, tukapata mawimbi mafupi: watu wa nchi za mbali wakisema Kiswahili cha ajabu chumbani kwetu. Kasha lilikuwa lile lile la sabuni. Ndani hapakubaki kitu cha mwaka wa kwanza isipokuwa misumari. Nakumbuka nilikuwa naamka nikiwaza nitaongeza nini. Huo ndio wakati pekee wa maisha yangu niliofikiria mwaka unaokuja kwa hamu.

Kisha majengo ya kupangisha yakataifishwa, na Bwana, aliyekuwa na nyumba mbili mjini, akaamua kuondoka nchini. Alifungasha kwa wiki moja. Mashine nzuri za kupimia aliziweka ndani ya masanduku yake. Mimi aliniachia chuma cha kulehemu cha zamani, kile cha kupashwa kwenye mkaa, koleo, na kopo la biskuti lililojaa vipuri. Nilimshukuru, kisha nikamwomba kitu kimoja zaidi.

"Bwana, niandikie barua. Useme nimefanya kazi hii."

Alikuwa akifunga kamba kwenye sanduku, hata hakugeuka. "Barua ya nini? Mikono yako inatosha. Mtu akiona kazi yako atajua."

Aliyasema kwa wema, nadhani. Nimekaa na maneno hayo miaka zaidi ya hamsini na sijaweza kumsamehe. Kuandika kungemchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

Tulirudi Mazingara kulima. Mume wangu alipewa shamba la baba yake, tukapanda mahindi na mbaazi, na jua la Handeni likatufanya tujue kwa nini watu walikuwa wakikimbilia mkonge. Lakini habari za redio zilitangulia. Watu walianza kuja na redio zao zilizokufa, wamezifunga kwenye kitambaa. Mgeni akifika, mwanamume humsalimia mwenye nyumba.

"Shikamoo mzee. Redio yangu imenyamaza."

"Marahaba. Iache, nitaiangalia."

Anaiingiza ndani, mimi nalehemu jikoni, yeye anaitoa. Mara ya kwanza tulicheka wote wawili. Tulipiga makofi kama watoto waliomdanganya mtu mzima. Mara ya kumi nilicheka kidogo. Baada ya msimu mmoja kata nzima ilimwita Fundi, naye akawa anaitika haraka kuliko alivyoitika jina lake. Siku moja nilimwambia, "Waambie basi ni mimi." Akaniambia kwa ule upole wake, "Nikiwaambia watanicheka. Unataka mumeo achekwe?" Sikutaka. Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa macho.

Ikaja operesheni ya vijiji. Tuliambiwa tuhame na kukaa pamoja kando ya barabara. Wengine walihama wakiimba, wengine walisukumwa. Sisi tulikuwa kati na kati. Lori lilifika asubuhi, vijana wa mgambo wakarusha juu vinu, vitanda, mitungi, kuku waliofungwa miguu. Kasha la redio nilikuwa nimelizungushia kanga tatu nikalishika mwenyewe. Mmoja wao akaninyang'anya ili nipande, akalitupa juu kama gunia la maharage. Tulipofika, mbao zilikuwa vipande na spika imetobolewa na mguu wa kitanda. Nililia mbele za watu. Mama mkwe wangu aliyekuwa ameacha kaburi la mumewe kule nyuma aliniangalia akasema, "Hicho ndicho unachokililia?"

Kijiji kipya kilikuwa mistari ya nyumba zisizo na kivuli. Mwaka wa kwanza watu waliharisha sana, watoto wengi walizikwa. Ndipo akaja Bwana Maendeleo, ofisa wa wilaya aliyepanda pikipiki kutoka Handeni, akatueleza kwamba kuna masomo ya afya yanatangazwa kwenye redio ya taifa, na kila kijiji kiunde vikundi vya kusikiliza pamoja. Vitabu vya masomo alikuwa navyo. Redio za kugawa zilikuwa zimekwisha.

Mwenyekiti wa kijiji akamwambia, "Sisi tunaye fundi."

Mume wangu alirudi nyumbani na ujumbe huo. Nilifanya kazi wiki tatu. Spika kubwa niliipata kwenye redio ya valvu iliyokufa katika ile klabu ya shamba la mkonge. Mume wangu alikwenda Korogwe kuiomba na kuibeba, haki yake nimpe. Vipuri vilitoka kwenye kopo la biskuti, vyote vilivyokuwa vizuri. Fundi seremala wa kijiji alichonga kasha la mninga, refu kama jeneza la mtoto. Nilipolehemu kiungo cha mwisho, nilimwita mume wangu akione kinavyong'aa. Akaniambia ni kazi nzuri. Akasema, "Tumefanya kazi nzuri."

Redio ile ilisikika mpaka kisimani. Kikundi chetu kilikuwa cha wanawake karibu wote, kwa sababu wanaume walisema habari za vyoo ni za wanawake. Tulikaa chini alasiri, mwalimu wa shule akisoma kitabu baada ya kipindi, na tuliyoambiwa tuliyafanya. Tulichemsha maji. Tulichimba vyoo wenyewe, wajawazito wakitoa udongo. Betri zilipochoka tulizianika juani ziamke. Jirani yangu mmoja, mjane aliyezika watoto wawili mwaka wa kwanza, hakukosa hata siku moja. Alikaa karibu na spika mpaka nikamwambia ataharibu sikio. Watoto wakapungua kufa. Hilo hakuna wa kuninyang'anya, ingawa wamejaribu.

Mwisho wa masomo Bwana Maendeleo aliitisha mkutano. Kijiji chetu kilikuwa kimefanya vizuri kuliko jirani zake, akasema, na wilaya imepewa nafasi ya kumpeleka mtu mmoja Dar es Salaam kujifunza ufundi wa redio, arudi awatumikie wananchi. Akaweka mkono juu ya kasha la mninga.

"Ndugu wananchi, nani aliyeijenga redio hii?"

Watu walimwonyesha mume wangu kwa vidole. Alikuwa kwenye benchi la wanaume, mimi chini na wanawake, tuliachana hatua kama sita. Alisimama. Nilisema moyoni, sasa. Hapa hakuna wa kumcheka, ni jambo la serikali, atasema sasa.

"Ni wewe, ndugu?" aliuliza Bwana Maendeleo.

Mume wangu aliangalia chini, kisha akaangalia kasha. Upande wangu hakuangalia. "Ni mimi, ndugu."

Wakampigia makofi. Wanawake wakapiga vigelegele. Jirani yangu yule mjane akanisukuma kwa kiwiko, "Piga na wewe, mwenzetu!" Nikapiga. Nilipiga vigelegele kwa ajili ya mume wangu.

Nyumbani nilimuuliza kwa nini.

"Ningesema nini? Wampeleke mwanamke Dar es Salaam, aache mtoto, akalale bwenini na wanaume?"

"Ungesema kweli. Wangeamua wao."

"Nikirudi nitakufundisha yote niliyofundishwa," alisema. Alisema hivyo hasa.

Alikaa huko muda wa mavuno mawili. Nililima peke yangu, nikatengeneza redio za watu peke yangu, safari hii wakinikabidhi mimi "mpaka Fundi atakaporudi", na nilipowarudishia zikiimba walisema lazima Fundi aliacha amezimaliza. Alirudi na cheti chenye mhuri na redio ndogo ya plastiki aliyopewa chuoni, ya kusikika chumba kimoja tu. Niliifungua siku hiyo hiyo. Ndani hapakuwa na cha kushika. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ndani ya donge moja jeusi, limemwagiwa kitu kama lami iliyoganda, miguu yake mingi imeingia kwenye ubao.

"Ikiharibika humu ndani?" nilimuuliza.

"Haitengenezwi. Wametufundisha kuitambua, unairudisha wanaleta nyingine. Ndiko dunia inakokwenda. Mambo ya kuungaunga waya ni ya zamani."

Alisema kwa fahari. Mimi nilikaa na lile donge mkononi nikaelewa kwamba yule mzee wa Korogwe alikosea kila kitu alichonitabiria. Hakuna nyumba itakayojijengea. Watu watapewa vitu vilivyozibwa, na watashukuru. Hata kabla ya hapo nilikuwa nimeona maduka ya vipuri Korogwe yakifungwa moja moja, rafu zikibaki na vumbi na kalenda. Fedha za kigeni hazikuwepo, vitu havikuingia. Nilikuwa nikidanganya moyo kwamba ni shida ya msimu.

Mume wangu alipewa chumba kando ya ofisi ya kijiji, akatundika cheti ukutani. Redio zilizokufa alizileta nyumbani kama zamani. Nilizitengeneza miezi kadhaa. Sijui kwa nini. Mazoea, labda, na vidole vilivyokuwa na hamu.

Kisha redio ya kijiji ikanyamaza. Kulikuwa na masomo mapya yanaanza, juu ya kipindupindu, na wageni wa wilaya walikuwa waje kusikiliza pamoja nasi. Mume wangu alilileta lile kasha asubuhi, jasho linamtoka, akaliweka mbele yangu. Nilikuwa napukuchua mahindi.

"Wanafika alasiri," alisema.

"Mwenye cheti ni wewe."

"Mke wangu."

"Kopo liko pale. Chuma kiko pale. Mkaa umeshawashwa."

Alifikiri natania. Alipoona sinyanyuki alifungua mwenyewe. Nilimwona anachukua chuma kikiwa chekundu, anakigusisha kwenye transista ya kwanza bila koleo. Ningeweza kusema neno moja. Nilipukuchua mahindi. Aligusa ya pili. Alizimaliza tatu, na ndizo zilizokuwa za mwisho. Kwenye kopo hapakuwa na nyingine. Alasiri wageni walikaa mbele ya kasha la mninga lisilotoa sauti, kisha wakaondoka.

Aliwaambia watu kwamba nimeichezea. Labda hakukusudia, aliulizwa, ilibidi aseme kitu. Niliitwa kwa balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti akiwepo.

"Mama, tunaambiwa umeharibu mali ya kijiji."

"Siwezi kuharibu nilichokijenga. Ile redio niliijenga mimi. Hizo zote niliwatengenezea mimi. Yeye ameziunguza transista kwa sababu hajui hata kubana mguu kwa koleo."

Walicheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka mtoto akisema amembeba baba yake. Balozi aliniambia, "Basi itengeneze, tuone."

Nilisema nileteeni transista tatu. Nikazitaja. Waliniahidi, na nina hakika walijaribu: mwenyekiti mwenyewe aliuliza Handeni, akaagiza Korogwe, akaagiza Tanga. Hazikupatikana. Hapakuwa na duka lolote lililokuwa nazo. Nilikuwa na mikono ile ile ambayo Bwana alisema inatosha, na haikutosha kitu. Mume wangu alikuwa na karatasi. Waliamua kopo la vipuri na vyombo vikae ofisini, chini ya Fundi.

Jirani yangu mjane alikuja nyumbani baada ya hapo. Nilidhani amekuja kunifariji.

"Mimi nakuamini," alisema. "Nilikuwa nasikia sauti ya chuma jikoni kwako yeye akiwa shambani. Lakini siku ile ulikaa ukamtazama anaiua. Umemkomoa mumeo. Na sisi je?"

Kikundi kilikwisha hapo. Hakikupata redio nyingine kubwa mpaka nilipoondoka kijijini. Mwaka uliofuata kipindupindu kilipita katika vijiji vile, na yule mjane alikuwa miongoni mwa waliokufa. Sijui kama kipindi cha redio kingemwokoa. Nimejiuliza mara nyingi na kila mara najibu tofauti, kutegemea siku hiyo nimewachukia wao zaidi au nimejichukia mimi.

Nilimchukua binti yangu tukahamia Mkumbara, kwa shangazi yangu aliyekuwa na kibanda kando ya barabara ya kwenda Moshi. Mume wangu hakunizuia, wala hakuniacha rasmi. Nikauza vitunguu, na vitunguu vikamsomesha mtoto. Redio zilipokuja nyingi na rahisi nilinunua moja, nayo ilipokufa niliitupa kama watu wengine. Sikuifungua. Nilijua nitakachokikuta.

Mume wangu alipofariki, binti yangu alitaka twende wote Handeni. Nilikuwa mke wake bado kwa sheria ya Mungu, nikakaa eda yangu. Siku ya maziko tulikuwa ndani na wanawake, dirisha liko wazi, na uani mtu alisoma wasifu wa marehemu kabla mwili haujatoka. Alizaliwa Mazingara. Aliajiriwa ukarani kwenye mkonge. Alikuwa fundi wa kwanza wa redio katika kata yetu, aliijenga kwa mikono yake redio iliyowaokoa wananchi na magonjwa, na alisomea Dar es Salaam. Ameacha mjane na mtoto mmoja.

Binti yangu alinishika mkono akaubana sana. Nikadhani anataka nisimame niseme, na kwa kitambo kidogo nilikuwa tayari, na miaka yangu yote hii. Nikamgeukia. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, machozi yanamtoka, akiniomba ninyamaze.

Uani wakasema amina. Nami nikasema amina.